Nilivyomrikodi bundi wa Pemba kwa simu

Kuna bundi mdogo ambaye duniani kote yupo Pemba tu. Sisi wa Konde, kaskazini ya kisiwa, hatumfuati msitu wa Ngezi, huja mwenyewe mpaka mashambani. Msimu wa karafuu, watu wakiwa barazani usiku wanachambua, "hu" yake fupi husikika mikarafuuni. Lakini ukitazama ramani za wataalamu, alama zimejazana Ngezi, kwa sababu huko ndiko wageni wenye kamera wanakopelekwa. Ramani namna hiyo inakuonesha watu walikopita, sio bundi alipo. Nikaona mimi muuza duka naweza kuongeza alama za mashambani.

Nilipakua iNaturalist, programu ya kurikodi viumbe iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani. Inataka ushahidi, tarehe na mahali. Picha ya usiku kwa simu yangu ni kiza kitupu, ila sauti nayo inakubaliwa.

Kazi ilikuwa kuipata sauti safi. Ukishika simu mkononi, vidole vinakwaruza. Mimi huilaza juu ya jiwe, nyuma ya shina la mwembe linalokinga upepo, kisha nasogea pembeni. Mtandao nauzima ili ujumbe usiingie katikati, na mahali panajiandika hivyo hivyo kwa setilaiti. Siisafishi sauti kwa programu nyengine, maana unaweza kuondoa kile kile ambacho msikilizaji anamtambulia ndege. Na simchezei bundi sauti yake ili ajibu. Atadhani kaingiliwa na mwenziwe, aache kuwinda aanze ugomvi.

Mama mkubwa alinikuta. "Mwanangu, watu wanamfukuza bundi, wewe unamrikodi?"

"Shikamoo mama mkubwa. Huyu nampeleka mbali."

"Marahaba. Basi mpeleke asirudi!"

Baada ya kupakia, unangoja. Watu wengine husikiliza na kutoa rai zao. Wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili, rekodi inapanda daraja la utafiti. Kama leseni uliyochagua inaruhusu, inanakiliwa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001, ambako watafiti huchukua data za kuchorea ramani. Yangu ilikaa sana, kwani wanaowajua ndege wa Pemba si wengi.

Kwa viumbe walio hatarini, mara nyingi programu huficha mahali penyewe na kuweka alama popote ndani ya mraba wenye kilomita kama 20 kila upande. Kwa kisiwa kama chetu, alama inaweza kuangukia baharini! Siudhiki. Mtafiti akipahitaji mahali hasa, ataniuliza.

Wala usiseme hii si kazi ya wasiosomea. Pakenham, aliyemtambulisha bundi huyu kwa sayansi mwaka 1937, alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Wazee wetu walimjua kabla yake, hawakuandika tu.

Sasa nataka rekodi za kusini. Binamu yangu wa Mkoani nimeshamwekea programu. Ya kwanza aliyonitumia ilikuwa vyura watupu. Nimemwambia aipakie vivyo hivyo, vyura nao wana wataalamu wao.