Kimbunga kikipita mi nabeba mashine

Huku Florida kimbunga kikipita watu wanaenda kuangalia mapaa, mi naenda ufukweni na ditekta yangu, ile mashine ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa mchangani, wife keshachoka kunisema. Novemba 2022 kimbunga Nicole kilipiga kusini kidogo ya Vero Beach, barabara zilivyofunguka tu nikaenda, aisee sikuutambua ufukwe, mchanga umekatwa wima kama ukuta unanifika kifuani, ngazi za mbao zinaning'inia hewani.

Sasa hapo ndo penyewe. Siku za kawaida vitu vizito kama dhahabu na madini ya risasi vinazama zao taratibu mpaka vikutane na tabaka gumu la makombe, mashine yangu haifiki huko. Mawimbi ya dhoruba yanaukomba mchanga wa juu, ghafla kilichokuwa mita moja chini unakifikia kwa koleo. Ila uwahi, mchanga unarudi haraka balaa, na ule uliolowa maji chumvi unaifanya mashine ipige kelele za uongo.

Kwa nini hapa? Julai 1715 kimbunga kilizamisha meli 11 za msafara wa Wahispania waliotoka Havana na fedha na dhahabu, ndo maana wanapaita Treasure Coast, yaani Pwani ya Hazina. Huko majini kwenye mabaki usiguse bila kibali, na matuta yenye majani usiyapande.

Mi niliambulia chubwi nne, vizibo vya bia, na pete moja nyeusi tii. Nikaisugua kwa kidole gumba, kumbe fedha, ndani ina herufi mbili tu.