Nilivyoipata nota yangu ya mi: kurekodi chumbani Pasua, Moshi

"Dada, wewe imba tu, mashine itanyoosha." Hayo niliambiwa kwenye studio moja hapa Moshi, nikalipa kama 50,000 hivi. Mpaka leo yananiudhi.

Wimbo wangu ni wa shukrani. Uliporudi ukasikika kama wa msiba. Kwanza nililaumu biti. Nikausikiliza siku nzima huku nikiufuatisha kwa do-re-mi tulizofundishwa kwaya, ndipo nikaikamata: kila penye mi ilitoka nota ya chini yake, ile ya kitufe cheusi kwenye kinanda. Shusha mi peke yake, furaha yote ya wimbo inaondoka.

Kumbe autotune, ile programu ya kunyoosha sauti, inapima sauti uliyotoa na kuivuta hadi nota iliyo karibu zaidi. Ulichokusudia haikijui. Mi yangu ilikuwa imelegea kupita katikati ya mi na ile nota nyeusi, ikavutwa chini. Na produza aliiruhusu ivute kwenye nota zote 12, hata ile nyeusi, badala ya kuchagua 7 za wimbo. Programu yenyewe naiheshimu: aliyeibuni, Andy Hildebrand wa Marekani, alitokea kwenye kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti, na tangu 1997 imesaidia waimbaji wakubwa. Lakini hao wanaipelekea sauti iliyokaribia kufika.

Nikaenda kwa mwalimu wetu wa kwaya. Akanishikia do kwenye kinanda, hakuiachia. "Mwanangu, panda ukiwa unaisikia hiyo." Majuma mawili nikapanda do hadi mi, nikipika, nikifua. Tukagundua jambo ambalo studio hakuna aliyelitaja: mi hulegea pumzi yangu ikikaribia kuisha. Tukahamisha mahali pa kuvuta pumzi, neno moja nyuma. Nusu ya tatizo ikaisha hapo hapo.

Studio sikurudi. Niliazima maiki, nikasimamisha godoro ukutani na blanketi mlangoni, nikarekodi saa nane usiku bodaboda zikiwa zimelala. Ilikuwa masika; usiku wa kwanza na wa pili mvua ilipiga bati, kazi yote ikaharibika. Usirekodi chini ya bati mwezi wa nne, hata mawingu yakikuahidi nini.

Usiku wa tatu kukawa kimya. Nilirekodi kwanza do ndefu ya kinanda, nikaichanganya na biti kwenye hedifoni. Sikio la kushoto likasikiliza hiyo do, la kulia nikaliacha wazi linisikie mwenyewe, na kile kikombe cha kulia nikakibana kichwani nyuma ya sikio, biti isivujie kwenye maiki. Mi ikakaa. Niliisikia inakaa, mwili ukanisisimka.

Baadaye niliwasha autotune, safari hii kwa zile nota 7 tu. Ilivuta sehemu mbili kwenye ubeti wa pili. Kiitikio, chenye mi zote zilizonitesa, sikukigusa.