Tovuti Nazo Hutiwa Kalafati

Disemba 2018, saa moja asubuhi, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Shela mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano, mteja wangu wa pili tangu nianze kazi ya kutengeneza tovuti hapa Lamu. Siku hiyo salamu zake zilikuwa fupi. "Mwanangu, mgeni wangu ameniambia ile tovuti yetu haifunguki. Anasema ni tangu mwezi juzi."

Nilifungua laptopu kabla sijanawa uso. Ni kweli. Jina lake la .com, yaani anwani ya tovuti ambayo hulipiwa kwa muda, lilikuwa limekwisha muda tangu Oktoba. Nikaangalia la mteja mwingine, nalo limekwisha. Ilipofika saa mbili nilikuwa nimehesabu sita.

Kosa lilikuwa langu. Majina yote ya wateja niliyasajili kwa baruapepe yangu na kuyalipia kwa kadi yangu ya benki, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka na mteja hasumbuki. Kadi ilipofika mwisho wa muda wake benki ilinipa mpya, lakini msajili wa majina, ile kampuni inayouza majina ya tovuti, alibaki na namba za ile ya zamani. Maonyo yalitumwa, tena si mara moja, yakaingia kwenye anwani niliyokuwa nimeacha kuifungua. Kwa asiyejua, jina la .com likiisha, msajili kwa kawaida hukupa siku kadhaa za kulilipia kwa bei ileile. Zikipita, jina huingia kipindi cha kukombolewa cha siku 30, na hapo ada hupanda sana. Kipindi hicho nacho kikiisha, husalia siku tano tu, kisha jina linaachiwa na yeyote duniani anaweza kulichukua. Majina manne yalikuwa bado kwenye zile siku za mwanzo. Mawili, la mama wa Shela likiwa mojawapo, yalikuwa yameshaingia kwenye kukombolewa. Niliyalipia yote sita kwa pesa nilizokuwa nimeweka za kodi ya nyumba.

Kisha nikashika njia ya ufuoni kwenda Shela kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa. Jambo kama hili sikutaka kulisema kwa simu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akaniuliza: "Hati ya nyumba hii ina jina langu, na nimeifungia kabatini. Hilo jina la kwenye intaneti limeandikwa jina la nani?"

"Langu, mama."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Biashara yangu ya leo naihesabu kuanzia kikombe kile cha kahawa, wala si mwaka wa 2016 nilipoisajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Baba yangu ni fundi wa vyombo, mtu wa Matondoni. Nimekua nikiona mashua zikipandishwa ufuoni maji ya bamvua, zikalazwa ubavu, na baba akapita mshono kwa mshono, nyundo mkono mmoja na chembeu mkono wa pili, akiigonga ndani pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipenye. Hiyo ndiyo kalafati. Mwisho chini hupakwa shahamu na chokaa. Mashua mpya nyumbani kwetu ilikuwa habari kubwa, ila haikuja kila mwaka. Kalafati ilikuja kila mwaka. Karo yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye kalafati. Na hakuna nahodha hata mmoja aliyewahi kumwuliza baba kwa nini chombo alichokiunda kwa ustadi kinarudi kwake tena. Kila mmoja alijua kwamba mbao na maji ya chumvi haviachani hivihivi.

Mimi nilikuwa nikijenga, nalipwa, naondoka. Shilingi 25,000, shukrani, kwaheri. Nikimaliza pesa natafuta mteja mwingine. Wateja kumi na mmoja nilikuwa nao wakati huo, na tovuti zao zote zilikuwa zikivuja polepole bila mtu kuzitazama.

Januari 2019 niliandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nikawazungukia wote kumi na mmoja. Mambo yalikuwa matatu. Jina la tovuti ni mali ya mteja: linasajiliwa kwa jina lake na baruapepe yake, na nywila anakaa nayo yeye, mimi napewa ruhusa ya kufanya kazi tu. Ujenzi una bei yake, wakati ule nilipandisha hadi 45,000, na nusu hulipwa kwanza kama arubuni. Halafu kuna utunzaji, 15,000 kwa mwaka. Wanane walikubali. Watatu walikataa, nikawakabidhi majina yao na nywila zao siku hiyohiyo, na mmoja wao alirudi baadaye.

Juu ya arubuni sina mjadala tena. Baba hakuwahi kukata ubao kabla mwenye chombo hajatoa pesa ya mbao, na hakuna aliyemwona mchoyo. Sisi vijana wa kompyuta tunaona haya kudai kwa sababu kazi yetu haishikiki kwa mkono. Lakini siku zangu kumi na nne za kukaa mbele ya kioo ni mbao zile zile.

Utunzaji ndio watu huniuliza, kwamba nafanya nini hasa kwa pesa hizo. Tovuti nyingi ninazotengeneza zinatumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, na WordPress huishi kwa programu-jalizi, yaani vipande vya kuongezea uwezo, zilizoandikwa na watu tofauti. Zikiachwa bila kusasishwa, ndipo wezi wanapopitia. Kila Jumanne naingia tovuti moja baada ya nyingine: kwanza nachukua nakala ya tovuti nzima, ndipo nasasisha, halafu nafungua kurasa kwa simu, si kwa laptopu, nione kama fomu ya kuuliza vyumba inapeleka ujumbe kweli. Nakala moja haikai kwenye seva ile ile ya tovuti, yaani kompyuta inayoihifadhi, kwa kuwa seva ikifa zinakufa pamoja. Na kila baada ya miezi mitatu naichukua nakala mojawapo nikaijenga upya mahali pengine. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha, usiihesabu. Kuna pia kile cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli. Mimi natumia vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo muda wake ni siku 90. Mtambo huvifanya upya wenyewe, lakini nimeshaukuta umekwama, na mgeni anayetaka kulipia chumba akiona onyo jekundu harudi.

Picha nazo zilinifunza. Mzee mmoja wa Mkomani aliniita akilalamika kwamba tovuti yake, aliyotengenezewa na mtu mwingine, haileti wageni. Tulikaa barazani kwake, nikampa simu yangu ya bei nafuu, nikamwambia afungue mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kumi na nne za nyumba: daka, mlango wa kuchonga, kidaka chenye sahani za kale, kitanda cha samadari. Picha nzuri mno, ila kila moja ilikuwa na MB 5 hivi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Hizo ni MB 70. Kwa mtandao wa megabiti nne kwa sekunde, yaani nusu MB, ambao siku mbaya hapa kwetu ndio huo, ni kama dakika mbili na sekunde ishirini. Mzee aliishika simu, akaitazama, akaiweka chini, akamjibu salamu mpita njia, akaishika tena. Ilikuwa bado inaleta ile picha ya mlango. Nilizichukua picha zake jioni ile, nikazipunguza upana, nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, zikawa kama KB 120 kila moja. Zote kumi na nne hazikufika MB 2. Nilipomrudishia, ukurasa ulijaa kabla hajakaa sawa. Hakuniambia neno juu ya wageni tena. Aliuliza tu, "Mkataba wako ni ule wa karatasi moja?"

Tangu hapo kabla sijataja bei namfungulia mtu tovuti yake kwenye simu ile ile, mbele yake, tukangoja pamoja.

Mwenye biashara Lamu lazima ahesabu kwa upepo. Kaskazi ndiyo pesa: Disemba, Januari, Februari, mpaka Machi. Masika yakiingia Aprili, kusi linavuma, nyumba nyingine Shela hufungwa kabisa mpaka karibu na Julai. Mwanzoni nilikuwa nikidai malipo ya mwaka mwezi ule mteja alioanza nao, kwa hiyo kuna niliowadai Mei. Mei unamdai mtu aliyefunga nyumba! Sasa mikataba yote ya watu wa utalii inakwisha Januari 31, hata aliyeanza Septemba, tunamhesabia miezi yake. Kazi za ujenzi mpya nazisukuma Mei hadi Septemba, wakati mwenye nyumba ana nafasi ya kukaa nami na kuandika maneno yake mwenyewe.

Halafu ikaja 2020. Machi 25 serikali ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na hazikurejea mpaka Agosti mosi. Nyumba za wageni zilibaki na funguo tu. Bahati yangu ni kwamba malipo ya Januari nilikuwa nimeshayapokea. Lakini mwaka uliofuata wengi hawakuwa na kitu. Hesabu ilikuwa ngumu na niliirudia usiku mwingi: nikizima tovuti zao, watalii wakirudi hawatawakuta, na mimi sitakuwa na mteja. Nililipia majina na seva zao kwa pesa yangu, wakanilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, wengine 1,000 kwa mwezi. Wawili walipotea na deni. Waliobaki hawajawahi kuniuliza tena kama bei inaweza kupungua.

Mwaka huo ndio ulionitoa kwenye kutegemea utalii peke yake. Nilivuka hadi Mokowe, upande wa bara, nikatengenezea duka la vifaa vya ujenzi, nikapata shule upande wa Hindi, na kikundi cha akina mama wanaoshona kofia za vito. Kofia hizi huchukua wiki na wiki za sindano, na akina mama walikuwa wakiziuza kwa madalali kwa bei ya kusikitisha. Tuliwawekea duka la mtandaoni na malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mnunuzi akibonyeza kulipa, simu yake inaletewa ombi la kuweka PIN. Akiweka, jibu linatumwa kwenye anwani maalumu ya tovuti, na oda inahesabiwa imelipwa.

Wiki ya pili mnunuzi wa Nairobi alilipa shilingi 4,500, ujumbe wa M-Pesa akaupata, lakini duka likaendelea kusema hajalipa. Mwenyekiti wa kikundi alinipigia akiwa na kofia mkononi, hajui aitume au asiitume. Nilichokosea ni kwamba programu yangu ilikuwa ikikaa kungoja jibu tu, na seva ilikuwa chini kwa dakika moja jibu lilipokuja. Nilirekebisha usiku ule. Jibu lisipofika ndani ya dakika, tovuti inakwenda kuuliza yenyewe hali ya muamala, na namba ya risiti ya M-Pesa ikishaandikwa mara moja haikubaliwi tena. Pia nilimwekea mwenyekiti ukurasa mmoja wenye maandishi makubwa: jina, risiti, kiasi, imelipwa au bado. Huo ndio anaoutumia. Mengine yote niliyoyajenga hajayagusa, na sina neno.

Jambo jingine ni pa kuweka seva. Nyumba ya wageni ambayo wateja wake wanaitafuta wakiwa Ulaya, naiweka kwenye seva za Ulaya. Shule na duka la ujenzi, ambazo wasomaji wake wote wako Kenya, naziweka Nairobi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikalegea, wazazi walikuwa wakifungua tovuti ya shule vizuri huku mimi nikihangaika kuingia kwenye seva za mbali.

Leo nina wateja thelathini na wanne wa utunzaji na vijana wawili ninaofanya nao kazi, chumba chetu kiko ghorofani huko Langoni, na betri ya kutuvusha umeme ukikatika. Kwa bei ya sasa, 18,000, utunzaji pekee ni shilingi 612,000 kwa mwaka kabla hatujajenga ukurasa mmoja mpya. Mishahara inatoka hapo. Ujenzi mpya ndio unaonunua vifaa na kuniachia akiba.

Mwaka jana mwezi wa Septemba mama wa Shela alinipigia, salamu ndefu safari hii, mpaka habari za baba na mguu wake. Kisha akasema, "Mwanangu, nimeletewa ujumbe kwamba jina langu linaisha Oktoba. Nilipe sasa au ningoje?"

"Lipa sasa, mama."

Baada ya nusu saa akanitumia picha ya risiti. Ilikuwa na jina lake.