Klachi ya CG125 inapochakacha

Mlio wenyewe ni mdogo. Injini ikishapata moto, gia iko nyutro, mkono hauko kwenye gesi, upande wa kulia unasikika kama mtu anayetikisa karanga ndani ya kopo. Ukivuta klachi unafifia, ukiachia unarudi. Kwa Honda CG125 ya zamani, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na kwa nakala zake za Kichina zilizojaa vijiweni kwetu, huo ni wimbo wa uzee. Na kila anayepita ana hukumu yake: "Kaka, pleti za klachi hizo zimekwisha."

Mara nyingi hazijaisha. Pleti zilizokwisha hazipigi kelele, zinateleza: injini inalia juu, mlima haupandiki, harufu ya kuungua inatoka. Kelele na kuteleza ni magonjwa mawili tofauti, ingawa yanaweza kumpata mgonjwa mmoja. Wapo wanaobadilisha seti nzima ya pleti, wakafunga kava, wakawasha, na karanga bado zimo ndani ya kopo.

Kabla ya spana yoyote, kuna mambo mawili yasiyogharimu shilingi. La kwanza ni sailensi, yaani ule mngurumo wa injini bila gesi. CG125 inatakiwa kukaa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikishushwa hadi 1,000 kwa kudhani inabana mafuta, kila mlipuko wa pistoni unakuwa kama teke, na nyumba ya klachi, yaani kikombe chenye gia kinachobeba pleti, inachezacheza kati ya teke moja na lingine. Pandisha skrubu ya kabureta taratibu. Kelele ikipotea na isirudi, umemaliza kazi.

La pili ni waya wa klachi. Ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Waya uliokazwa mno huiacha beringi ya kuachia klachi ikibanwa saa zote, hata barabarani, nayo hulia mlio mwembamba wa kuendelea mpaka ife. Ukilegea mno, klachi haiachii yote na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Hapo utaambiwa giaboksi imekufa.

Sasa sikiliza ukiwa na mkono kwenye klachi. Ukiwa nyutro na klachi imeachiwa, nyumba ya klachi, kitovu chake (kile kiini cha katikati ya pleti) na shafti kuu ya giaboksi vyote vinazunguka. Ukivuta, nyumba inaendelea kuzunguka lakini kitovu na shafti vinapunguza kasi au kusimama. Kwa hiyo kelele inayofifia ukivuta inaelekea kwenye springi za kupunguza kishindo zilizo mgongoni mwa nyumba, kwenye pleti zinazocheza ndani ya vidole vyake (zile nguzo za ukingoni), au kwenye beringi za shafti kuu. Kelele inayozaliwa ukivuta ni ya beringi ya kuachia au ya bushi ambayo nyumba inazungukia. Hizi mbili zinatenganishwa hivi: vuta polepole, ukomee pale tu mchezo wa waya unapoisha. Mlio ukianza hapo hapo, ni beringi. Mlio ukingoja mpaka klachi iachie kabisa, shuku bushi. Na kelele isiyojali unavuta au unaachia, usiisingizie klachi. Tazama gia ndogo kwenye krenki na nati yake, au nenda juu kwenye tapeti, zinazosukuma valvu.

Tapeti zina mwendo wake. Kamshafti inazunguka nusu ya krenki, kwa hiyo kwenye sailensi kila valvu inagonga zaidi ya mara kumi na moja kwa sekunde, mfululizo, kama cherehani. Gia ya krenki ya CG125 ina meno 18, ya nyumba ya klachi meno 73, hivyo nyumba inazunguka chini ya mara sita kwa sekunde. Jino moja la nyumba lililomeguka hugonga kwa zamu hiyo, polepole, na kwa mpangilio. Springi za mgongoni zilizolegea hazina mpangilio, zinachakacha tu. Shika bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, uhamishe kutoka kava la kulia hadi kichwa cha injini hadi upande wa kushoto, penye sumaku ya kuzalisha umeme. Tofauti haihitaji kuelezwa. Na fundi akikuambia ni cheni ya taimingi, mshukuru na uondoke: CG125 ya asili haina cheni hiyo, valvu zake zinasukumwa na fimbo.

Ikibidi kufungua, mwaga oili ikiwa ya moto, ndani ya beseni safi, na usiitupe kabla ya kuisoma. Chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue juani. Punje laini za kahawia au nyeusi ni pleti zinazolika. Vipande bapa vya kung'aa ambavyo sumaku haivijali ni aluminiamu, pengine vidole vya nyumba au kitovu. Vinavyoruka kwenye sumaku kama sindano ni chuma, na hapo usiwashe tena injini mpaka ujue vimetoka wapi.

Toa kiki, legeza waya, sogeza chochote kinachoziba kava la kulia. Bolti za kava zina urefu tofauti: chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi ngumu na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia shimo fupi hupasua kizimba cha injini, na hasara hiyo inazidi bei ya klachi nzima. Ndani utakuta springi nne na bolti zake. Zilegeze kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja. Kitovu kwenye baadhi ya injini kimeshikwa na klipu, kwenye nyingine na nati yenye mikato minne inayotaka soketi yake. Patasi na nyundo zinaweza kuifungua, ila ukishaitumia patasi, nati hiyo haitakaa tena kwa kukazwa ipasavyo.

Nyumba ikiwa mkononi, shika gia kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, ukijaribu kuvipindisha kinyume. Kukiwa na mchezo unaousikia kwa vidole, rivet zimelegea au springi zimechoka, na karanga zako ndizo hizo. Wapo wanaopiga rivet upya au kuchomelea. Kuchomelea sikukubali hata kidogo: moto unaua ugumu wa springi, unapinda gia, na ile sehemu iliyowekwa ili icheze kidogo inakuwa jiwe. Nunua nyumba nyingine, lakini hesabu meno dukani, maana nakala si zote zina 73.

Kisha pitisha ukucha ubavuni mwa vidole vya nyumba, pale masikio ya pleti yanapogonga. Kipya ni laini. Cha zamani kina ngazi, ukucha unanasa, unashuka, unanasa tena, ngazi moja kwa kila pleti. Pleti zikilala kwenye ngazi hizo haziteremki sawasawa, ndiyo maana klachi inashika kwa mtetemo wakati wa kuondoka. Ngazi nyembamba zinapigwa tupa bapa, kila kidole kwa idadi ileile ya mipigo. Zikifika kama nusu milimita, tupa haisaidii: utazilainisha, lakini mchezo unaobaki utaongeza kelele uliyokuja kuiondoa.

Pleti za msuguano zinapimwa unene kwa venia: mpya zina karibu milimita 3, zikifika 2.6 ziondoke. Za chuma laza juu ya kioo na ujaribu kupitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.20 chini yake. Ikipita, pleti imepinda. Rangi ya bluu ni alama ya joto, na pleti ya bluu siirudishi hata kama kioo kimeipitisha. Beringi ya kuachia izungushe kidoleni. Ikikwaruza, ing'oe, namba yake imechongwa ubavuni na si ghali.

Wakati wa kurudisha, loweka pleti mpya za msuguano kwenye oili safi kwa saa kadhaa, vinginevyo zitaungua kwenye kuondoka kwa kwanza. Pleti za chuma zina upande wenye ukingo mkali, zote zielekee upande mmoja. Hesabu washa, zile pete bapa. Ile inayokaa nyuma ya nyumba hupenda kubaki imenata kwenye beseni, na bila yake kelele mpya inazaliwa. Bolti za springi zikazwe kwa msalaba hadi Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 au 12, si zaidi, kwa sababu zinaingia kwenye aluminiamu na uzi wake hauna msamaha. Gasketi iwe mpya na kavu. Silikoni inayomwagika ndani ya kava inaweza kuziba njia ya oili iendayo kwenye krenki, na hapo klachi itakuwa shida ndogo.

Oili iwe ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA, alama ya Kijapani ya oili inayofaa klachi ya aina hii. Ile ya magari inayojisifu kwa kubana mafuta ina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea kwenye oili inaishi kwa msuguano. Mimina mililita 900, washa dakika mbili tatu, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti bila kukikaza, uongeze kidogo kidogo. Rekebisha waya injini ikiwa ya baridi. Baada ya kilomita 300 hivi, mwaga oili hiyo katika beseni lilelile na uisugue tena juani.