Catania mwezi wa Januari: mimi na wifi chini ya Etna

Kazini kwetu likizo za Julai na Agosti huchukuliwa na wenye watoto wanaosoma. Sisi wengine tunagawana makombo: Novemba, Januari, Februari. Natunza wazee kusini mwa Ujerumani, na makombo hayo nilizoea kuyamalizia kitandani huku nikipiga simu Arusha. Safari hii wifi yangu, ambaye yuko huku pia, alikataa. Alisema hata Januari, kusini kwa kusini kuna bahari na machungwa. Tukachagua Catania, kisiwani Sicily.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nimekulia chini ya Mlima Meru, volkano ambayo nyumbani tunaitazama kwa ajili ya mvua tu, haimnyimi mtu usingizi. Nilitaka kuona watu wanavyoishi chini ya mlima ulio macho. Etna una zaidi ya mita 3,300, ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani, na Catania yenye watu wapatao laki tatu imekaa miguuni pake. Mama nilipomwambia kwenye simu aliuliza swali moja: "Mlima unatoa moshi, nyie mnaufuata wa nini?" Nikamwambia tunafuata samaki. Si uongo.

Tarehe tulizipanga kwa kuangalia sikukuu zao. Krismasi ya Italia inavutwa mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, na baada ya hapo bei za ndege na vyumba huporomoka. Halafu kuanzia tarehe 3 hadi 5 Februari mji unafurika kwa ajili ya Mtakatifu Agata, msimamizi wao: umati wa kutisha barabarani, waumini katika kanzu nyeupe, mishumaa mikubwa kiasi kwamba nta inaganda kwenye mawe ya barabara na kuwa utelezi. Wapo wanaosafiri kutoka mbali kuifuata sikukuu hiyo na siwalaumu. Sisi tuliutaka upenyo ulio katikati. Ndani ya upenyo huo, chumba cha watu wawili hatua chache kutoka Via Etnea, barabara kuu ya mji, tulikipata kwa chini ya nusu ya bei iliyokuwa imeandikwa kwa Agosti.

Kwenye chumba ndipo wifi alipoonyesha ujuzi. Aliwahi kufanya kazi Italia ya kusini, anazijua nyumba zao. Zimejengwa kupambana na joto: dari ndefu, sakafu ya vigae au marumaru, milango mikubwa ya kutokea kibarazani isiyofunga sawasawa. Januari mchana nje unaweza kupata nyuzi 15 na jua zuri, ukiingia ndani unavaa koti. Basi kabla ya kulipa senti moja aliwaandikia wenye vyumba kadhaa swali lile lile: bafu linapashwa joto na nini? Wengi walijibu kwamba Sicily hakuna baridi. Hao tukawaacha. Mmoja alituma picha ya kipasha joto cha ukutani, taulo imetundikwa juu yake. Huyo ndiye aliyepata pesa yetu. Na bado tulilala na soksi.

Usiku wa kwanza tuliafikiana sheria moja ya safari: kitanda na ndege tu ndivyo vya kulipia mapema. Mengine yote yangeamuliwa asubuhi na mlima. Via Etnea ni barabara iliyonyooka, inatoka uwanja wa kanisa kuu na kupanda kwa karibu kilomita tatu ikielekea Etna. Ukisimama chini pale, karibu na sanamu ya tembo wa jiwe jeusi aliyebeba nguzo ya Kimisri mgongoni, unainua macho tu. Mlima ukionekana, unakimbilia kituo cha basi. Ukiwa umejifunika, unakwenda sokoni. Majira ya baridi ndiyo majira ya mvua huko, kwa hiyo mara nyingi umejifunika. Wageni tuliokutana nao wakinung'unika walikuwa wale waliokata tiketi za kupanda wiki mbili kabla.

Soko la samaki liko nyuma ya uwanja huo huo, unashuka ngazi kando ya chemchemi ya mto Amenano. Mto wenyewe siku hizi unapita chini ya mji. Nenda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, na vaa viatu vyenye meno. Wauzaji wanamwaga maji kila mara, na sakafu ni lava iliyosuguliwa na miguu ya watu kwa karne nyingi. Inang'aa na haina huruma. Kichwa cha samaki upanga kimesimamishwa mezani, upanga unaelekea angani, na pembeni yake kisu kirefu kinakata minofu mizito bila haraka. Pweza wanajivuta kwenye beseni. Kuna konokono hai ndani ya ndoo, wanapanda ukingoni, na muuzaji anawarudisha kwa kiganja bila hata kuwaangalia, huku anapiga kelele kuita wateja. Wakati wa kiangazi, nasikia, huwezi kusimama pale bila kusukumwa na watu wanaopiga picha. Sisi tulisimama tulivyotaka, na mzee mmoja alitukatia kipande cha chungwa kwa ncha ya kisu.

Hayo machungwa ndiyo hoja yangu kubwa ya kwenda Januari. Ndani ni mekundu kama damu, na wekundu huo unaletwa na baridi ya usiku inayofuata mchana wa jua. Agosti huyapati mapya namna hiyo. Januari yanauzwa kwa kilo, bei ya kutupa, na vibandani wanakukamulia glasi nzima ukiwa umesimama. Pembeni za barabara kuna watu wanachoma artichoki, mboga yenye umbo la tumba la ua, kwenye makaa, wamezijaza kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, moshi unakufuata mpaka chumbani. Kuna pia kinywaji chao cha vibandani: maji ya gesi, limau mbili zilizokamuliwa, na kijiko cha chumvi. Wifi alipiga funda, akaniangalia. "Wifi, hii si ORS hii?" Akaimaliza hata hivyo, na kesho yake akairudia.

Kitu cha kujipanga nacho ni saa. Jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Maduka mengi yanafungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, na migahawa ya kukaa haipiki chakula cha jioni mpaka saa mbili usiku hivi. Katikati hapo ukiwa na njaa unaweza kuhisi mji umekukataa. Dawa yake ni arancino, donge la wali lenye nyama ya kusaga na njegere ndani, limekaangwa, na Catania wanalifinyanga liwe na ncha juu. Moja linakutosha mpaka usiku. Saa za giza tuliziweka kwa ajili ya soko jingine, la nguo, lile la Piazza Carlo Alberto, ila tukagundua nalo ni la asubuhi. Tukalihamishia siku ya mawingu. Mitumba kwa mafungu! Wifi alipata koti la sufi kwa bei ambayo hata soko la Kilombero kule Arusha wangekuuliza kama limeibwa.

Mlima ulijitokeza asubuhi ambayo tulikuwa tumeamka na miguu inauma. Mama mwenye nyumba alitugongea mlango, akaonyesha juu kwa kidole na kusema neno moja, "Subito!", yaani sasa hivi. Tukavaa kila tulichokuwa nacho. Basi la mlimani linaondoka uwanja ulio mbele ya stesheni kuu baada kidogo ya saa mbili asubuhi, ni hilo hilo moja, na linarudi alasiri. Ukilikosa la kurudi utalipa teksi mpaka ujute. Tuliwahi mapema, tukabeba mikate, jibini na machungwa kwa sababu bei za juu kule ni za mateka.

Basi linapita Nicolosi, mji mdogo ambao karibu nao, mwezi wa Machi 1669, ardhi ilipasuka. Lava ya mwaka huo ilishuka mpaka Catania, ikafika kwenye kuta za mji na kuingia baharini. Kupita Nicolosi miti inapungua, na unaanza kuona mito ya mawe meusi iliyokatiza barabara, mingine bado mitupu kabisa, mingine imeanza kushikwa na vichaka. Barabara imefukuliwa na kujengwa upya juu ya lava. Rifugio Sapienza, ambako basi linaishia, ni mita 1,910 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Lango la Marangu kule Kilimanjaro. Marangu ukishuka kidogo tu kutoka langoni unakuta migomba. Hapa tulishuka kwenye theluji inayofika juu ya kifundo cha mguu.

Theluji yenyewe haikuwa safi. Ukiinama unaona imechanganyika na punje nyeusi, na upepo ulipokuwa umeifagia ilibaki changarawe nyekundu yenye rangi ya tofali. Wifi aliinama kunyanyua jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtu, akajipinda kabisa kwa ajili ya uzito, likaja juu kirahisi nusura limpige kidevuni. Ni matundu matupu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji.

Magari ya waya, yanayopanda mpaka mita 2,500 hivi, yalikuwa yamesimamishwa kwa ajili ya upepo. Nyumbani tumebishana miaka kuhusu kuweka magari ya waya Kilimanjaro. Hapa yamekuwepo muda mrefu, na milipuko ya 2001 na 2002 iliyaharibu, wakayajenga tena. Kwa vile hatukuwa tumelipa kitu, kusimama kwake hakukutuuma, na ni nauli ya karibu euro hamsini kwa mtu. Tulikodi viatu vya theluji kwenye duka pale pale, tukazunguka kreta za Silvestri zilizofunguka mwaka 1892. Ukingoni upepo unakusukuma kwa mikono miwili. Kutoka hapo unaona kilele kikitoa moshi mweupe upande mmoja, na upande mwingine pwani yote, Catania ikiwa doa la kijivu kando ya maji. Kupanda juu zaidi, kwenye kreta za kilele, ni kwa kuongozana na waongozaji wenye leseni, na kuna vipindi hata wao hawaruhusiwi. Mimi nilitosheka na Silvestri. Anayetaka kilele aende majira ya joto, hilo nakiri.

Kilichonifunza zaidi kuhusu lava, hata hivyo, kiko mjini. Monasteri ya Wabenedikto, jengo kubwa ajabu ambalo sasa ni la Chuo Kikuu cha Catania, ilifikiwa na lava ile ya 1669. Kisha tetemeko la Januari 1693 likauvunja karibu mji mzima. Watawa hawakuhama. Walijenga upya, wakaitumia lava iliyoganda nje ya ukuta kuwa msingi, wakapanda bustani juu yake. Muongozaji alituonyesha ukuta huo wa lava kwa karibu, na kwa kuwa kundi letu lilikuwa la watu wachache alituacha tuuguse na kuuliza maswali yote. Wanafunzi walikuwa wanapita na mikoba yao kwenda mitihani. Nilimuuliza kama haogopi kuishi hapa. Akasema mlima anauona unachofanya; kinachomnyima raha ni tetemeko, lisilopiga hodi. Na Kasri la Ursino, lililojengwa karne ya 13 kando ya bahari, leo liko mbali na maji kwa sababu lava hiyo hiyo iliisogeza pwani.

Siku za mwisho tuliamka tukakuta kibaraza kina mchanga mweusi, mwembamba, unaokwaruza chini ya kandambili. Usiku kilele kilikuwa kimekohoa kidogo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kufagia, anajaza mfuko, na akatukataza kumwaga maji: majivu yakilowa yanaziba mabomba. Yakiwa mengi, meya huweza kupiga marufuku pikipiki na baiskeli kwa sababu ya utelezi, na uwanja wa ndege wa Fontanarossa hufungwa au ndege zikapelekwa Palermo au Comiso. Hilo tulilijua kabla. Ndiyo maana nilibadilishana zamu na mwenzangu mmoja ili nibaki na siku nzima ya akiba kati ya ndege na kazi, na wifi akafanya vile vile. Nakushauri usiende Catania huku umeahidi kuwa kazini kesho yake asubuhi.

Ndege iliondoka kwa wakati. Siku ya akiba niliitumia kufua, na kutoa mchanga mweusi kwenye mifuko ya koti la mtumba la wifi, ambalo alikuwa ameliacha kwangu makusudi.