Brauza ilivyojiapdeti, kamera za dukani "zikaibiwa"

Hii ilinikuta Februari 2023. Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi na mimi ndo fundi wake wa kila kitu chenye waya, kuanzia printa mpaka king'amuzi. Asubuhi moja ananipigia, "Wee, kamera zimeibiwa!" Nikakimbia mpaka dukani, kumbe kamera zimetulia zake juu ukutani, kilichopotea ni picha kwenye komputa.

Ile DVR yake (boksi linalorekodi picha za kamera) ni ya zamani sana, haina app ya simu, ili uone picha lazima uandike anwani yake kwenye brauza ya Internet Explorer, ile e ya bluu. Sasa Windows 10 ilikuwa imejiapdeti (bando lote kwisha), na ukibonyeza ile e inakufungukia Edge, brauza mpya ya Microsoft. Ukurasa unakuja, paswedi inakubali, halafu kioo cheusi na maneno ya kukwambia instoli plagini (kiprogramu cha nyongeza cha brauza), unainstoli, unarudi, inakwambia instoli plagini. Nimeinstoli ile kitu mara tano mie.

Nikafuta kachi, nikazima na kuwasha DVR, nikajaribu Chrome, nikajaribu Firefox, wapi. Nikaanza mpaka kukagua waya, yani nusu saa nipo juu ya ngazi kumbe tatizo lipo mezani. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba plagini ile ni ya ActiveX, teknolojia ya zamani ya Microsoft, na hiyo ilikuwa mambo ya Internet Explorer tu, hawa wengine hata uwabembeleze vipi hawaijui. Na Internet Explorer 11 ilishaachwa kuhudumiwa tangu tarehe 15 Juni 2022, sisi tulikuwa tunaitumia tu kwa mazoea.

Dawa ilikuwa humo humo kwenye Edge. Unaingia Settings, unatafuta kipengele cha Default browser, pale kuna sehemu ya kuruhusu tovuti zifunguke kwa modi ya Internet Explorer (yani Edge inajifanya ile brauza ya zamani), weka Allow halafu urestati brauza. Chini yake kuna orodha ya kurasa, unaongeza anwani ya DVR. Hapo niliteleza, niliandika namba tupu ikagoma, nikaja kukopi anwani nzima kama ilivyo kule juu, na http yake na kila kitu, ndo ikakubali. Ukiona kile kialama cha e kimetokea pembeni ya anwani ujue umefika. Nikainstoli plagini kwa mara ya sita, picha hizo hapo, mlango, kaunta, stoo ya saruji. Baba mdogo akaagiza soda.

Niliongeza anwani ya DVR peke yake, na nikamwambia asije akaanza kufungulia humo mambo ya benki au kitu kingine chochote, maana ActiveX ni mlango wa zamani na wezi wa mtandaoni wanaujua vizuri.

Mwezi wa tatu simu tena, "Zimeibiwa tena!"

Kumbe ukurasa ukiuongeza kwa mkono unakaa siku 30 tu, na tarehe ya kuisha imeandikwa pale pale kwenye orodha, sikuwa nimeitazama. Nikauongeza upya, dakika moja kazi imeisha. Nikamfundisha afanye mwenyewe, sasa hivi ameandika kwenye kalenda ya ukutani pembeni ya tarehe ya kodi ya fremu, na hiyo hajawahi kuisahau.

Nilimwambia ukweli kwamba hapa tunaweka kiraka, cha maana ni kununua DVR mpya inayofunguka kwenye brauza yoyote. Akaniuliza hii modi yako itakuwepo mpaka lini, nikamjibu Microsoft wamesema walau mpaka 2029. Akahesabu kwa vidole, "Kwahiyo mashine yangu bado ina miaka sita."