Ukishajua, utafanyaje?

Mama ananipigia simu kutoka Muheza, na salamu zikiisha tu anauliza: "Haya, ukishajua utafanyaje?" Simlaumu. Yeye kazaa saba kwa kudra za Mungu na kadi ya kliniki, na mimi bintiye, miaka 40, mimba ya wiki 13, namweleza habari za kumpima mtoto kromosomu, vile vijiuzi vya urithi vilivyomo ndani ya chembe za mwili, angali tumboni.

Binadamu ana kromosomu 46, nusu za baba, nusu za mama. Mtoto akiwa na tatu za namba 21 badala ya mbili, anakuwa na sindromu ya Down: anachelewa kukua kiakili na kimwili. Wafaransa waliligundua hilo mwaka 1959. Si laana, wala si kwamba nilimcheka mtu. Mara nyingi yai la mama ndilo lililogawanyika vibaya, na kadiri umri unavyosogea ndivyo hilo linavyotokea zaidi. Kwa umri wangu ni kama mtoto mmoja kati ya 100. "Basi 99 wazima, unahangaika nini?" anasema mama. Hesabu yake iko sawa kabisa, ndiyo maana inaniudhi.

Wiki hii nilikwenda Upanga, Dar es Salaam, kupiga utrasaundi. Wanapima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, maana yakizidi wasiwasi wa Down unapanda, kabla wiki 14 hazijatimia, na lazima alale vizuri aonekane kwa ubavu. Wa kwangu aligoma. Mpimaji akanitikisa tumbo na kile kidude chake, akaniambia nikohoe, wapi! Mwishowe nikatumwa nikanywe soda, nipande na kushuka ngazi. Nikapanda na Fanta yangu mkononi, mlinzi ananikodolea macho. Kurudi kitandani, kageuka. Milimita 2.9. Daktari akasema iko mpakani, tupime na damu.

Vipande vya DNA, yaani kile kinachobeba urithi ndani ya kromosomu, kutoka kwenye kondo la nyuma huelea ndani ya damu ya mama. Dennis Lo wa Hong Kong na wenzake ndio walioonyesha hivyo mwaka 1997, na tangu 2011 kipimo kinauzwa. Unatolewa damu mkononi kama ya malaria, basi. Ila sampuli yangu imepandishwa ndege, bima imekataa kulipa, na hela iliyotoka ni ya ada ya mkubwa wangu. Baba watoto hajasema kitu, lakini ameanza kuzima taa za nje mapema.

Kinachonikera ni jinsi kinavyonadiwa: "usahihi asilimia 99". Hiyo ni sifa ya kuwanasa wenye Down: kati ya 100 walio nayo, kinawakamata kama 99. Ukiambiwa una hatari kubwa, bado inaweza kuwa si kweli, kwani kondo si mtoto mwenyewe, na kwa matatizo adimu kama ya kromosomu 13 majibu ya namna hiyo hukosea mara nyingi. Anayetaka uhakika huchotwa maji ya chupa ya uzazi, yanayomzunguka mtoto, kwa sindano ndefu ya tumboni, kuanzia wiki ya 15, na hapo kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Sijaamua kama nitakubali. Usiku nakataa, asubuhi nakubali.

Kuhusu swali la mama: kutoa mimba hakumo katika mawazo yangu, achilia mbali sheria. Ninachokitaka ni kujua habari za moyo wa mtoto. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko hapo hapo Muhimbili. Nikijua, moyo wake utatazamwa kwa makini kwenye wiki ya 20 hivi, nami nizalie karibu na wanaoweza kumhudumia. Sitaki tuje kushtuka ameshatimiza miezi kadhaa, ananyonya huku anahema, jasho linamtoka, na majirani wanasema ni jino.

Jana nikamweleza mama yote hayo. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Na huyo daktari wa moyo wa watoto," akauliza, "wanapokea bima au taslimu?"